Mama anataka kupita Kwaresima yote miguu peku

"Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mlezi wa vijana katika jumuiya yetu ndogo ndogo. Kila Kwaresima tunasoma maisha ya watakatifu jioni, na mwaka huu nimeona jambo: karibu kila hadithi ina miguu. Yupo anayeosha miguu ya maskini, yupo anayeibusu, yupo anayekanyaga theluji bila viatu, hata kijana aliyejikata mguu akarudishiwa. Nikirudi kwenye Biblia nako ni miguu tupu, kuanzia Abrahamu na wageni wake hadi Maria aliyemfuta Yesu kwa nywele. Sasa kijana mmoja amekuja na video aliyotumiwa kwenye simu. Inasema 'miguu' katika Biblia ni jina la kuficha sehemu za siri, kwa hiyo habari ya Ruthu na ya yule mwanamke wa Luka 7 si kama tunavyohubiriwa. Vijana walicheka, mimi nikakosa jibu. La pili, mama yangu mzazi ana miaka 63 na ana kisukari. Amesikia habari za Mtakatifu Hedwig, akasema atapita Kwaresima yote bila viatu. Nimemkataza, ananiambia namzuilia neema. Na vijana wanataka Alhamisi Kuu tuoshane miguu nyumbani. Hii miguu ina nini?"

Milele amina, dada yangu. Naanza na mama, maana hayo mengine yanaweza kusubiri na hili haliwezi. Mama avae viatu leo, hata ndani ya nyumba. Kisukari cha muda mrefu huua hisia za miguuni na kupunguza damu inayofika huko. Mtu hukanyaga mwiba au kipande cha chupa asisikie, na kidonda huja kuonekana kimeshaharibika. Mimi si daktari, kazi yangu ni kufundisha historia ya Kanisa, lakini jambo hili kila kliniki ya kisukari watakuambia. Kwa Hedwig nitarudi, kwa sababu kuna jambo katika maisha yake ambalo nadhani mama hajasimuliwa.

Sasa hiyo video. Kijana wako hajaletewa uongo mtupu, na ndiyo maana ulikosa jibu. Kiswahili chetu kinakusaidia hapa kuliko lugha nyingi za Ulaya. Sisi tukisema mguu tunaweza kumaanisha kuanzia pajani hadi vidoleni. Tukitaka kubagua ndipo tunasema muundi, kifundo, kisigino, unyayo. Kiebrania cha Biblia kina neno pana la namna hiyo hiyo, regel. Ile shaba aliyovaa Goliathi miguuni katika 1 Samweli 17 ilikuwa ya kulinda miundi, na neno ni hilo hilo. Neno pana hivyo ni rahisi kuazimwa kwa tasfida, yaani neno la staha la kufunika jambo la aibu, na kweli waandishi waliliazima. Sauli alipoingia pangoni alimojificha Daudi, Kiebrania kinasema aliingia "kufunika miguu yake", maana yake alikwenda haja. Watumishi wa mfalme Egloni walipokuta mlango umefungwa, katika Waamuzi 3, walidhani bwana wao "anafunika miguu", wakangoja mpaka wakaona haya. Wapo wafafanuzi wanaoliona jambo hilo pia kwa maserafi wa Isaya 6, wanaofunika miguu kwa mabawa mawili, na wapo wanaosema hiyo ni miguu tu.

Lakini waambie vijana wako hivi. Sisi nasi tuna neno "haja". Mtu akisema anakwenda haja, kila mmoja anajua anakwenda wapi. Akisema "nina haja na wewe", je, ni choo? Tasfida hukaa mahali pake, haililaani neno zima popote litokeapo. Ukiamua kwamba kila mguu katika Biblia ni fumbo, itakubidi useme Abrahamu aliwaletea wale wageni watatu maji ya kuoshea nini? Na taa ya Zaburi 119, ile ya "miguu yangu", inamulika nini?

Kuhusu Ruthu niwe mkweli kwako, kwa sababu vijana hunusa haraka mtu mzima anapokwepa. Sura ya tatu ni usiku, ni uwanja wa kupuria, mwanamume amekula na kunywa akalala, na mwanamke anafunua mahali pa miguuni pake na kulala hapo. Mwandishi anajua anachokifanya. Anataka msomaji ashike pumzi. Neno alilotumia, hata hivyo, ni lile lile ambalo Danieli 10:6 inalitumia kwa yule mtu wa maono ambaye mikono na miguu yake iling'aa kama shaba, na pale hakuna siri yoyote. Halafu tazama anachokisema Ruthu Boazi anapoamka: anamwomba atandaze vazi lake juu yake, yaani amwoe, kwa haki ya jamaa wa karibu wa marehemu mumewe. Boazi anamwita mwanamke mwema na kesho yake analipeleka jambo langoni mbele ya wazee. Huko nako, katika sura ya nne, makubaliano yanakamilishwa kwa mtu kuvua kiatu chake. Hadithi imeanza miguuni ikaishia kwenye kiatu, na katikati yake ni mjane aliyepata mlinzi.

Luka 7 ni rahisi zaidi. Kwanza Luka aliandika Kigiriki, na tasfida ile ni mazoea ya Kiebrania. Pili, Yesu mwenyewe anaeleza miguu ni ipi: anamwambia Simoni Mfarisayo, niliingia nyumbani kwako, hukunipa maji kwa miguu yangu. Miguu inayodaiwa maji ndiyo ile ile iliyolowa machozi. Jambo linalotupotosha sisi ni picha tuliyo nayo kichwani ya meza na viti, ambapo huyo mama ingebidi atambae chini ya meza. Katika karamu ya wakati ule watu waliegama kwa ubavu, vichwa vikielekea kwenye chakula na miguu ikiwa nyuma. Ndiyo maana Luka anasema alisimama nyuma, karibu na miguu yake. Hakuvunja staha ya meza ili aifikie miguu. Miguu ndiyo sehemu pekee ya Bwana ambayo mtu aliyeingia bila kualikwa angeweza kuifikia.

Hapo ndipo ufunguo wa swali lako ulipo. Fikiria nchi ya vumbi na watu wenye makubazi. Mguu ndio sehemu ya mtu inayogusa ardhi siku nzima, inayobeba alama ya kila alipopita. Ni sehemu ya chini kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo inayoonyesha nani yuko chini ya nani. Yoshua anawaambia majemadari wake waweke miguu juu ya shingo za wafalme watano walioshindwa. Paulo anasema alilelewa miguuni pa Gamalieli, na Maria wa Bethania anaketi miguuni pa Yesu, yaani amekaa mahali pa mwanafunzi. Musa anavua viatu mbele ya kijiti kinachowaka. Na yule mama Mshunami, mwanawe alipokufa, alimpandia Elisha mlimani akamshika miguu; Gehazi, mtumishi wa nabii, akataka kumwondoa, nabii akakataza.

Kushika miguu sisi tunakujua, dada. Tunakusema kila asubuhi. "Shikamoo", kama inavyoelezwa kwa kawaida, imetoka katika "nashika miguu yako". Hakuna mtoto wa Kiswahili anayemwamkia bibi yake akadhani amemwabudu, wala akadhani amesema neno chafu. Siku ya Ufufuko, Mathayo 28:9, wale wanawake walipokutana na Yesu njiani walimshika miguu. Walimwamkia kwa vitendo kwa namna ambayo sisi tumebaki nayo kwa maneno. Tofauti ni kwamba Mathayo anaongeza: wakamsujudia. Miguu ile ilikuwa imetobolewa Ijumaa, na sasa ilikuwa ya moto mikononi mwao. Ukiwasomea vijana mstari huo na neno "shikamoo" ubaoni, nadhani kicheko kitaisha chenyewe.

Wasomaji wa zamani walichimba zaidi. Mtakatifu Agustino, Mwafrika wa kaskazini aliyekuwa askofu wa Hippo katika nchi tunayoiita leo Algeria, alipokuwa akifafanua Zaburi ya 9 alisema mguu wa roho ni upendo. Ukipotoka, unaitwa tamaa. Ukinyooka, unaitwa mapendo. Roho haisogei kwa hatua za mwili, inasogea kwa kile inachokipenda. Na alipofika Yohana 13, mahali Bwana anaposema aliyekwisha kuoga hana haja ila ya kunawa miguu, Agustino akaeleza kwamba hata aliyebatizwa bado anatembea duniani, na mapenzi yake ya kila siku yanaigusa ardhi na kushika vumbi. Karne saba baadaye Bernardo, abati (mkuu wa monasteri) wa Clairvaux huko Ufaransa, alipowahubiria wamonaki wake juu ya Wimbo Ulio Bora, alitaja mabusu matatu: la miguu, la mkono, la kinywa. La miguu ni la mtu anayeanza kutubu, na Bernardo aliwaonya wasiruke ngazi.

Kwa hiyo kijana akikuambia Luka 7 ina mapenzi ndani yake, usimkatalie. Yesu mwenyewe alisema mwanamke yule amependa sana. Wakristo wa Zama za Kati hawakuukimbia upendo huo. Waliuona kuwa ndio mguu ulionyooka.

Sahihisho moja hapa, maana katika swali lako umezitaja habari hizi kwa pamoja. Mwanamke wa Luka 7 hatajwi jina. Aliyempaka Yesu marhamu ya nardo Bethania katika Yohana 12 na kumfuta miguu kwa nywele ni Maria dada yake Martha na Lazaro, na hakuna mahali anapoitwa mwenye dhambi. Maria Magdalena ni wa tatu. Ni Papa Gregori Mkuu, katika mahubiri yake ya mwaka 591, aliyewaunganisha kuwa mtu mmoja, na Ulaya ya magharibi ikamfuata kwa karne nyingi. Ndiyo maana wachoraji humweka Magdalena chini ya msalaba akiikumbatia miguu, nywele zimefunguka. Makanisa ya Mashariki kwa kawaida hayakuwachanganya, na Kanisa Katoliki liliacha kuwachanganya katika kalenda mpya ya mwaka 1969.

Mashariki wana hadithi yao, na naipenda kuliko nyingi. Ni ya Maria wa Misri, iliyoandikwa katika karne ya 7 na kupewa jina la Sofronio wa Yerusalemu. Mwanamke aliyeishi maisha ya zinaa anakwenda jangwani ng'ambo ya Yordani na kukaa huko miaka mingi peke yake. Padre mmoja mzee, mmonaki Zosima, anakutana naye, na alipomrudia mara ya mwisho anamkuta amekufa, amelala mchangani. Zosima anaiosha miguu yake kwa machozi. Katika Injili mwenye dhambi aliiosha miguu ya Mtakatifu. Hapa padre anaiosha miguu ya aliyekuwa mwenye dhambi, kwa machozi yale yale. Halafu anatokea simba, anazilamba nyayo za marehemu na kumsaidia mzee kuchimba kaburi. Wapo watakaouliza habari za huyo simba, na nitamfikia.

Kuhusu kuosha miguu kwenyewe, fungua Biblia yenu ya Union, Yohana 13. Utaona haisemi kuosha. Inasema Yesu alianza "kuwatawadha" wanafunzi miguu, na Petro anaambiwa asipotawadhwa hana shirika naye. Watafsiri walichukua neno ambalo Waswahili wa pwani walikuwa wakilitumia kwa udhu kabla ya sala. Mimi nalipenda neno hilo hapo, kwa sababu msomaji anaelewa papo hapo kwamba maji haya ni ya kumwingiza mtu mahali patakatifu, si ya kuondoa matope tu. Ila kuna kitu kinageuka. Katika udhu mtu hujitawadha mwenyewe. Hapa Bwana anamtawadha mtumwa, kazi ambayo kwa desturi ya wakati ule ilikuwa ya mtumwa kwa bwana. Mshtuko wa Petro ni mshtuko wa mtu mwenye adabu.

Wamonaki waliligeuza agizo hilo kuwa ratiba. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ya karne ya 6 inasema abati pamoja na jumuiya yote waoshe miguu ya wageni, na kwamba Jumamosi wenye zamu ya jikoni, anayemaliza na anayeingia, waoshe miguu ya wote. Mwaka 694 maaskofu wa Hispania waliokutana Toledo walihimiza kwamba Alhamisi Kuu ibada hiyo isiachwe. Wafalme nao waliifanya. Joinville, rafiki na mwandishi wa maisha ya Louis wa 9 wa Ufaransa, anasimulia kwamba siku moja mfalme alimuuliza kama huwa anawaosha maskini miguu Alhamisi Kuu. Joinville akajibu kwamba miguu ya mafukara wale hataiosha kamwe. Mfalme akamwambia amesema vibaya, asidharau alilolifanya Mungu ili kutufundisha. Nampenda Joinville kwa kuliandika jibu lake mwenyewe bila kulipaka rangi.

Na Klara wa Asizi! Masista wake walihojiwa mwaka 1253, miezi michache baada ya kifo chake, ili Kanisa lipime utakatifu wake. Wakaeleza kwamba alikuwa akiwaosha miguu masista watumishi waliorudi kutoka nje. Mara moja alipoinama kuubusu mguu, yule sista aliona haya, akauvuta kwa nguvu, mguu ukampiga Klara mdomoni. Klara akaushika tena taratibu, akaubusu chini ya unyayo. Ushahidi wa namna hii nauamini kwa urahisi, kwa sababu hakuna anayebuni utakatifu wa kupigwa teke kwa bahati mbaya.

Hadithi nyingine si za namna hiyo. Beda, mmonaki wa Uingereza, aliandika mwanzoni mwa karne ya 8 juu ya Mtakatifu Cuthbert, aliyekufa mwaka 687. Cuthbert akiwa mpokea wageni wa monasteri, asubuhi ya baridi alikuja kijana. Akamwosha miguu, akaipangusa, akaiweka kifuani pake na kuisugua ipate joto. Alipokwenda kutafuta mkate na kurudi, mgeni hayupo, na nje kwenye theluji hakuna alama hata moja ya unyayo. Mahali pengine Cuthbert anasali usiku kucha akiwa ndani ya maji ya bahari. Kunapokucha wanatoka fisi maji wawili, wanaipulizia miguu yake pumzi ya joto na kuikausha kwa manyoya yao. Ziweke hadithi hizo mbili pamoja: aliyepasha moto miguu ya mgeni, miguu yake nayo ikapashwa moto. Mwandishi wa maisha ya mtakatifu hakuwa karani wa mahakama, wala hakuwa mwongo. Alikuwa akisimulia maisha ya mtu kwa lugha ya Biblia, ambayo wasomaji wake waliijua kwa moyo, na wakati mwingine tukio na picha vimeshonwa pamoja kiasi kwamba huwezi kuvitenganisha. Simba wa Zosima ni wa nyumba hiyo. Kijana akikuuliza "lilitokea kweli?", mwambie hilo ni swali halali, kisha mwulize na yeye: mwandishi anataka tuone nini?

Swali hilo linakuwa la hatari au la uzima unapofika kwa yule kijana aliyejikata mguu. Ni hadithi ya Mtakatifu Antoni wa Padua. Kijana anaungama kwamba alimpiga mama yake teke. Antoni anamwambia mguu unaompiga mzazi unastahili kukatwa. Kijana anakwenda nyumbani, anaukata. Mama anapiga mayowe, Antoni anaitwa, anausogeza mguu mahali pake na unaunga. Wasomaji wa wakati ule walisikia nyuma yake Mathayo 18:8, mguu wako ukikukosesha ukate. Soma vizuri utaona hadithi yenyewe inamsahihisha kijana. Alichukua tamko la toba akaligeuza kisu, na mtakatifu akakimbia kurudisha alichokikata. Usiisome mbele ya vijana bila kulisema hilo. Na ukiwa na kijana anayejikata au kujiumiza mwili, kwa jina la dini au kwa sababu nyingine yoyote, usimpe hadithi. Mpeleke kwa mhudumu wa afya, na umsindikize mwenyewe.

Ipo na nyingine ambayo pengine mtakutana nayo kwenye picha, ya Kosma na Damiano, watakatifu waganga. Mtunza kanisa lao Roma ana mguu ulioliwa na ugonjwa. Usiku katika ndoto watakatifu wanaukata na kumwekea mguu wa Mwethiopia aliyekufa na kuzikwa karibuni. Anaamka mzima, mguu mmoja mweupe na mmoja mweusi. Katika hadithi ya karne ya 13 yule Mwafrika ni marehemu, na ule mguu mgonjwa unakutwa kaburini mwake. Lakini katika sanamu fulani za mbao za Hispania za karne ya 16, wakati biashara ya watumwa imeshamea, anachongwa akiwa hai, amelala sakafuni, mguu umekatwa. Mimi kama Mwafrika siwezi kuipita sanamu hiyo kimya, na wewe usiipite. Muujiza ule ule, ulipobadilika mkono uliouchonga, ulionyesha mwili wa nani ulihesabiwa kuwa wa kuchukuliwa tu.

Sasa Hedwig wa mama. Alizaliwa Bavaria, akawa mke wa mtawala wa Silesia, eneo ambalo leo kwa sehemu kubwa ni Poland. Alikufa mwaka 1243 na kutangazwa mtakatifu mwaka 1267. Inasimuliwa kwamba alitembea peku wakati wa baridi hadi nyayo zake zikaacha damu kwenye theluji. Muungamishi wake akampa viatu vipya na kumwamuru asitembee bila hivyo. Mwaka ukapita, viatu vikarudi vipya vile vile, kwa sababu alikuwa akivibeba kwapani. Kitabu cha picha cha mwaka 1353 kinamwonyesha hivyo, viatu mkononi. Naomba umsimulie mama yote mawili, hata sehemu isiyokusaidia: ndiyo, Hedwig alikwepa amri, na waandishi wakampenda kwa hilo. Lakini pia ni kweli kwamba padre wake alimkataza.

Halafu mwulize mama, viatu kwa Hedwig vilikuwa nini? Vilikuwa cheo. Alikuwa mke wa mtawala katika nchi ambayo maskini walikanyaga barafu bila kitu, na kuvivua kulikuwa kushuka hadi walipo. Je, kwa mama viatu ni cheo? Wenye umri wake wengi walikwenda shule ya msingi miguu peku na kupata kandambili ukubwani. Yeye hana pa kushukia. Alikwisha kuwa huko. Kwake kuvua viatu hakusemi kile ambacho kwa Hedwig kulisema, na kwa ugonjwa alio nao kunaweza kumgharimu mguu wenyewe. Fransisko wa Asizi, aliyetupa viatu aliposikia Injili ya kuwatuma wanafunzi, mwishoni mwa maisha yake alibebwa juu ya punda, na alikiri kwamba amemkosea sana Ndugu Mwili.

Kama ni wazo tu, basi liishe. Kama ameshaweka nadhiri mbele ya Mungu, asiivunje kimyakimya akabaki na dhamiri inayomchoma: aende kwa paroko, ambaye ana mamlaka ya kumwondolea nadhiri kwa sababu ya haki. Mwende pamoja. Na katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, baba anaagiza mwanawe avalishwe viatu miguuni. Mama akitaka Kwaresima yake ipite miguuni, amnunulie viatu mtoto mmoja anayekwenda shule bila navyo.

Kliniki ya kisukari mpeleke wiki hii, hata kama haumwi, waipime hisia ya nyayo zake. Kila jioni mtazamie chini ya nyayo na katikati ya vidole. Ukiona kidonda, weusi, uvimbe, joto lisilo la kawaida au usaha, usingoje hadi Jumapili wala usitie dawa ya kienyeji. Ni hospitali siku hiyo hiyo.

Alhamisi Kuu nyumbani, fanyeni. Ibada ya kanisani ni ya padre. Papa Pius wa 12 aliiingiza ndani ya Misa ya jioni ile mwaka 1955, na tangu 2016 wanaooshwa huchaguliwa miongoni mwa waamini wote, wanawake wakiwemo. Lakini hakuna anayewakataza kuoshana nyumbani. Majirani zenu Waadventista hutawadhana kila wanaposhiriki meza ya Bwana. Kama vijana wataona ni mchezo, wakumbushe Aprili 2019, Papa Fransisko, mzee wa miaka 82 mwenye maumivu ya miguu, alivyopiga magoti Vatikani akabusu viatu vya viongozi wa Sudan Kusini akiwasihi wadumishe amani. Bakuli, jagi, taulo moja kwa kila mtu, wasichana kwa wasichana na wavulana kwa wavulana. Simu zikae mbali. Asiyetaka asilazimishwe, wala asiulizwe kwa nini. Akitokea mmoja akavuta mguu kwa haya, mngoje kidogo.

Mama naye mwosheni, ila maji ya moto ayapime mtu mwingine kwa kiwiko, kwa sababu yeye anaweza kuungua asijue. Mkaushe vizuri katikati ya vidole, kisha mvalishe viatu vyake hapo hapo. Na umpe shikamoo yangu.